Daftari la Mzee Donal

Jumatatu, 26 Julai 2021
Siku ya ishirini na tano tangu nijifungue. Bi Zuhura, mkandaji wangu, kaja saa mbili, mlango wa nyuma, barakoa mbili. Kanikanda na maji ya moto hadi nikalia. Uji wa pilipili manga. Nasra kalala, baba yake kazini.
Lokdauni ya korona huku ugenini. Wageni marufuku, na Bi Zuhura anatoka Granville, mtaa uliofungwa zaidi. Mama yangu yuko Tanga, ndege hakuna. Nifanyeje?
Jirani yetu, Mzee Donal, Mwairishi, alikuwa barazani kwake, upande wa nyuma. Bi Zuhura alipoingia, akafungua daftari akaandika.

Jumatano, 28 Julai
Kaandika tena. Kaangalia saa, kaandika. Simpendi.
Nimemwambia Bi Zuhura, akacheka. "Mwanangu, polisi wakija nitawakanda na wao. Hebu geuka."
Mimi sicheki. Akikamatwa kwa ajili yangu?

Ijumaa, 30 Julai
Naanika nepi, mzee kaniita kwenye uzio. "Yule mama anaitwa nani?" Nikasema simjui. Uongo wa kijinga, Bi Zuhura katoka kwangu sasa hivi na chupa yake ya chai mkononi.
Akaanza habari za mtaa wao, Dublin. Bondia bingwa alikaa mlango wa pili. Mwanamke aliyeimba redioni, juu ya bucha. Jaji aliyefuga mbuzi jikoni. Sikuamini hata mmoja. Ananilainisha niropoke.
Nimemwambia Bi Zuhura asije tena.

Jumatatu, 2 Agosti
Mgongo unauma. Kujikanda mwenyewe si sawa. Uji umeungua.
Saa tatu nilikuwa nachungulia pazia. Mzee katoka getini na ndara, hana koti na baridi hii, daftari kwapani. Kashika njia ya stesheni ya treni, na kituo cha polisi kiko huko huko. Haya, anakwenda kutushtaki.
Saa sita polisi wakagonga. Nikajifungia bafuni, nikamtia Nasra ziwa asilie. Wakagonga sana, wakaondoka.
Nilijua tu.

Jumanne, 3 Agosti
Sikujua kitu. Binti yake mzee kaja, macho mekundu. Baba yake ana maradhi ya kusahau. Jana alipotea, polisi wakapita kila nyumba kuuliza nani kamwona. Kaonekana jioni, stesheni, anatetemeka, anauliza treni ya kwenda kwao. Yuko hospitali.
Daftari aliambiwa na daktari. Aandike anachokiona na anachokikumbuka, visimtoke.
Mimi nilimwona. Ndara, koti, njia, vyote. Nikamwambia binti pole. Basi.
Naona haya.

Jumanne, 10 Agosti
Arobaini. Nimemtoa Nasra nje. Jua kidogo.
Mzee karudi, yupo barazani. Kanisomea daftari lake. Bondia, mwimbaji, jaji. Chini yao: mama wa chupa ya chai, huja saa mbili, akiingia mtoto hunyamaza.
Nikamtajia jina. Bi Zuhura. Na la Nasra, na langu. Sasa namwamini hata yule jaji wa mbuzi.
Kisha nikamwambia, siku ile nilikuona ukitoka, nikanyamaza.
"Siku gani?"
Nikasema Jumatatu.
Akaandika.