Komba Ana Koti, Chura Yuko Uchi

Jumanne, 4 Juni
Kitindamimba wangu atasimama mbele ya walimu wa chuo Ijumaa. Akifaulu, anaingia mwaka wa mwisho. Akishindwa — basi tena, anarudi nyumbani. Atawalinganisha komba wa msituni na chura wa kwenye matete. Mtoto wangu mimi dobi huyo! Komba atawaonyesha picha tu. Chura lazima wamwone mzima, kwa hiyo kamleta kwenye beseni. Kijani, mdogo kama kifungo cha koti.

Jumatano, 5 Juni
Uwii! Beseni la chura lilikuwa na utelezi, na nyumba yangu haina uchafu, mtaa mzima unajua. Nikalisugua kwa dawa ya kung'arishia mashuka, nikamrudisha mgeni wetu. Punde si punde kalegea kama soksi. Binti kapiga kelele: mama, chura hanywi kwa mdomo, anakunywa kwa ngozi! Komba angepiga chafya tu, ana manyoya! Nikasema, kumbe komba ana koti na chura yuko uchi, mbona hukuniambia? Hakucheka. Alilia. Tukammwagia maji ya mvua, tena na tena. Baba yake mlangoni: "Mke wangu, umefua hadi chura?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Alhamisi, 6 Juni
Ameruka! Nimemkuta kanata ukutani, juu ya meza ya pasi, koo linapwita. Mungu mkubwa! Binti kanikumbatia, kasema dobi asimkaribie tena. Sawa, mwalimu.
Jioni tumefanya mazoezi. Mimi ndiye walimu wote, nimekalia furushi la nguo. Binti kaanza: wote wawili wanaruka, wote wana macho makubwa, wote huita gizani. Ila komba hunyonyesha, chura hutaga mayai akaenda zake. Nikasema, huyo si mama! Akasema, mama, hilo si swali.

Ijumaa, 7 Juni
Niko kwenye benchi la chuo. Gauni lake nimelipiga pasi mimi, hata mlinzi kasifu. Waliomtangulia walitoka upesi, nyuso chini. Wangu bado yuko ndani! Nakaa, nasimama. Mfagiaji kasema, mama, utatoboa sakafu. Nikamwambia aliye ndani ni mwanangu. Kasema umeshaniambia.
Mlango! Mwalimu wa miwani katoka. Nikasimama — wala hakuniona. Kagonga chumba cha pili, kamwambia mwenzake: acha hiyo chai, njoo umsikie huyu binti.
Wameingia. Mlango hawakuufunga. Sauti ni ya mwanangu, na hakuna anayemkatiza.