Sindano ya Nundu, Moto wa Nairobi

Baraka, 3 Februari 2000

Mwanangu Wilfried,

Salamu nyingi katika Bwana. Kazi ya usafi kwenye kliniki inaendeleaje? Hapa tuko, Mungu anasaidia. Bega tu halinipi usingizi, tangu nilipobeba mizigo tukikimbia vita ya 1996. Siwezi kutwanga majani ya sombe wala kujifunga kitambaa cha kichwa. Daktari wa hospitali ya Nundu anataka kunichoma sindano karibu na mshipa wa fahamu, ili mshipa unyamaze. Marthe jirani anataka kunichanja na wembe apake majivu. Na wewe unaniandikia habari za moto wa huko kliniki. Moto gani unaingia ndani ya mtu mzima? Nimechanganyikiwa kabisa.

Mama yako

Nairobi, 20 Machi 2000

Mama mpendwa,

Mimi mzima, sijui wewe. Sindano ya Nundu inalaza mshipa wiki kadhaa, pengine miezi. Hapa wanapitisha sindano ya umeme, joto lake ndilo ule moto, linazuia mshipa kupeleka maumivu. Mkono haufi, usiogope. Na moto unashinda sindano mbali sana! Marthe aweke wembe wake. Usiende Nundu, vuka ziwa, uje huku.

Mtoto wako

Baraka, 11 Agosti 2000

Mwanangu,

Uko salama? Barua yako ilinikuta mlimani, tulikuwa tumekimbia tena. Tuliporudi nilikwenda Nundu, nikamsomea daktari maneno yako. Akacheka: "Mama, hakuna mutu anajua kama moto inashinda hii sindano. Na hii pia itaisha, bega itauma tena." Sasa nani anasema kweli? Alinichoma, nalala, natwanga. Marthe hanisalimii tangu nilipokataa wembe wake.

Lakini nakuuliza, unataka bega langu lipone, au unataka nitoke vitani? Kama unaniita, niite basi. Usizunguke kwa kusingizia bega.

Mama yako

Nairobi, 2 Oktoba 2000

Mama,

Sijui kama moto unashinda. Hapa kila daktari anasema lake. Naogopa utakufa huko, ni hivyo tu. Kuja, Mama, hata bega likibaki vile lilivyo.

Mtoto wako

Kigoma, 9 Novemba 2000

Wilfried,

Salamu. Bega limeanza kuuma tena tukiwa katikati ya ziwa, nililia mbele ya watu. Niko kwa mapadri, sijui njia ya kwenda huko wala kurudi. Kuja unichukue.

Mama yako