Sahani ya Senene

Jumanne, 2 Novemba 1976

Mvua tangu alfajiri. Nimetwanga kahawa na tangawizi, nikatia hiliki kidogo iliyobaki, nikaketi mlangoni na kitabu. Raha yangu ni hiyo: kahawa chungu, mvua ya Novemba, na mtu asiyenisemesha. Sikumaliza hata kikombe. Abdalla akaja.

Abdalla ni mdogo wa mume wangu. Zamani alikuwa akiuza matairi makuukuu Katwe. Sasa ana kazi katika ofisi moja ya Nakasero, ofisi ambayo watu hawaitaji kwa jina, wanageuza uso tu. Miwani myeusi hata mvua ikinyesha. Anaingia, anakalia kiti cha kaka yake, anavua vile viatu vya soli nene, anangoja chakula. Ramadhani yuko barabarani na lori, Mombasa na kurudi, mimi nimeachiwa huyu. Simpendi. Sikumpenda hata alipokuwa muuza matairi.

Ameleta chumvi ya duka la jeshi. Mtaa wetu wa Kisugu mzima unakula chakula chapwa, mimi nina chumvi. Kwa hiyo nampikia. Na anajua kwamba ni kwa ajili ya chumvi.

Alhamisi, 4 Novemba

Senene, panzi wetu wa Novemba, bado. Kila mtu anatazama mbingu kama anayedai.

Nalongo anasema watashuka kesho au keshokutwa, ananusa hewani. Nalongo ni jirani yangu, ukuta wetu ni mmoja. Mapacha wake wako shule ya bweni. Anauza vitunguu soko la Nakasero. Mume wake alichukuliwa mwaka jana, akarudishwa maiti. Wiki mbili hizi anakaa na kaka yake, Erisa, mtu mkimya, mwembamba, anayesoma sana. Baba mmoja mama mmoja, Nalongo anamwambia kila mtu hivyo, hata asiyeuliza. Alimwambia na Abdalla.

Nimemtania tena leo kuhusu senene. Ukoo wake ni wa senene. Atawaokota, atawauza, lakini hawaonji, wala hawaingii katika sufuria yake. Baba yake hali, kaka zake hawali, mababu zake hawakula. Anasema mtu hali ndugu zake. Nikamwambia mimi wako ndugu zangu kadhaa ningewala bila chumvi. Alicheka hadi akashika ukuta.

Fungu lake la kula huniletea mimi kila mwaka. Mimi humpa kahawa. Hatujawahi kugombana juu ya hilo, ingawa tumegombana juu ya yote mengine: maji, taka, kuku, sauti ya redio.

Ijumaa, 5 Novemba

Wameshuka. Nimetoka alfajiri nikakuta nyasi zinatembea. Watu wote nje na ndoo, mabeseni, magunia, wengine na nguo za kulalia. Kwa muda mfupi watu walisahau kuogopa. Nilicheka na mwanamke ambaye sijamsalimia tangu Idi.

Nalongo alijaza magunia, akakimbilia sokoni. Ameniachia beseni zima. Nimenyonyoa mabawa na miguu asubuhi yote, vidole vikanata. Kisha sufuria kavu, moto mdogo. Hawataki mafuta, wana yao. Kitunguu. Chumvi. Kwanza anakwaruza ulimi, halafu anapasuka, halafu yale mafuta matamu. Mwaka mzima nangoja hilo tu.

Abdalla alikuja baada ya swala. Nikampa sahani. Kisha Erisa akapita kunirudishia kitabu changu cha upelelezi, kile kisicho na kurasa za mwisho. Nakisoma miaka yote, na kila mara naamua mwenyewe muuaji ni nani. Kumbe Erisa aliwahi kukisoma kizima. Akaniambia muuaji ni daktari. Nilitamani kumpiga nacho. Lakini mtu akikukuta unakula unamkaribisha. Nikampa sahani, akachuchumaa penye ngazi, akala. Alikula kwa furaha, kama mtu aliyewala tangu utotoni. Akalamba vidole. Nikamwuliza niongeze, akasema ongeza.

Kijiko kilikuwa bado mkononi nilipoelewa.

Baba mmoja, mama mmoja.

Nikamtazama Abdalla. Anatafuna, miwani usoni. Hujui macho yake yako wapi. Erisa akashukuru, akaenda zake. Mimi ni mtu wa Kibera, mambo ya koo za Waganda nimefundishwa ukubwani. Abdalla amekulia Bombo, katikati yao.



Jumamosi, 6 Novemba

Nimemvizia Nalongo kabla hajaenda sokoni. Nimemwambia alichokula kaka yake, na mbele ya nani. Alikalia kikapu chake cha vitunguu, vikapondeka, hakujali.

Si kaka yake. Si Mganda hata kidogo. Ni Mlango, kabila la kaskazini, amesomea huku, Kiganda chake ni kizuri kuliko cha Waganda wengine. Alikuwa karani ofisi moja na marehemu. Wakati watu wote walipomkimbia Nalongo, huyu ndiye aliyezunguka kutafuta mwili, akauleta uzikwe. Sasa ofisi ya kina Abdalla inawatafuta watu wa kwao, na jina lake la kweli wanalo. Nalongo alimfundisha kila kitu, majina ya shangazi, njia ya kijijini. Hakufikiria chakula.

Nilikasirika hadi nikaona giza. Amewasha moto kwenye ukuta wetu mmoja na hakuniambia. Ningejua, ningempa mtu yule ugali na kumfukuza. Nalongo anasema angeniambiaje, na Abdalla analala kwenye kiti changu. Nikazidi kukasirika.

Hawezi kutoroka sasa. Akipotea ghafla, Abdalla atajua, na atakayeingizwa kwenye buti ya gari ni Nalongo. Akibaki, ni wote wawili.

Nitaandika hapa nipendavyo. Abdalla hasomi hata bango.

Jumatatu, 8 Novemba

Ameuliza.

Alikuwa amemaliza kula. Anachokoa meno. Akasema polepole, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Shemeji, ile ndugu ya Nalongo nakula senene mingi. Sasa ukoo yao ni gani?"

Sikupanga. Mdomo wangu mimi Mama Hawa unajulikana Kisugu nzima, leo ulifanya kazi peke yake. Nilishusha sauti, nikafunga dirisha, nikafanya kama mtu anayewashwa na siri.

"Yule si wa baba yao. Mama yao alizaa nje ya ndoa. Wanaficha aibu, ndiyo maana wanasema baba mmoja."

Kwa Waganda mtoto ni wa ukoo wa babaye. Baba mwingine, ukoo mwingine, senene halali. Niliona jambo hilo likimwingia. Akacheka. Alicheka sana, akapiga goti. Mama wa kanisa yule, alisema, na kitambaa chake kichwani. Aliwahi kumwona mwaka jana kwenye matanga.

Halafu akaacha kucheka. Akasema siku moja atamwuliza mama huyo mwenyewe.

Nimeosha sahani yake mara mbili. Namchukia. Mama yule sijamwona zaidi ya mara moja, alinishika mikono yote miwili aliponisalimia.

Jumatano, 10 Novemba

Abdalla ameisimulia baani. Bila shaka. Watu wa ofisi ile wanaweza kuficha mtu, hawawezi kuficha kichekesho. Leo bombani wanawake walikuwa wanajua hata rangi ya shati la huyo mwanamume wa nje, ambaye mimi nimemzaa juzi kwa mdomo.

Nalongo alinijia na ndoo tupu. Alinipiga kofi mbele ya wote.

"Mama yangu, Mama Hawa? Mama yangu?"

Ningesema nini, na masikio yote yale. Nilijaza maji nikaondoka. Shavu linawaka hadi sasa.

Kupitia ukutani nilimsikia akilia. Ningeweza kugonga nikamweleza. Sikugonga. Kesho Abdalla atamtazama usoni, na kwenye uso ule nataka aone hasira ya kweli, si ya kuigiza. Na tena amenipiga. Nina haki ya kununa.

Kahawa imekwisha hiliki. Ninakunywa hivyo hivyo, haina raha.

Jumamosi, 13 Novemba

Nimekaa kitandani kuandika.

Mama yake Nalongo amekuja. Jjajja, kama watu wote wanavyomwita, bibi. Wanawake wa kanisa wana ndugu kila mahali, habari ilimfikia kijijini kwake Masaka kabla ya wiki kwisha. Alipanda basi la asubuhi. Hakwenda kwa bintiye kwanza, alikuja kwangu moja kwa moja, na vazi lake refu la Jumapili, gomesi, na vumbi hadi magotini. Nalongo alikuwa sokoni. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote kuhusu Erisa.

Alinisema kwa Kiganda, amesimama, hakukubali mkeka. Ameolewa kanisani. Amezaa tisa, wote wana pua ya mumewe. Nani amemzalisha nje, nimtaje jina. Nilitazama sakafu. Nilitaka kumwambia nyamaza, nyamaza Jjajja, kwa sababu Abdalla alikuwa chumba cha pili, amelala baada ya kula, na nilisikia kiti kikilia.

Akatoka. Miguu mitupu, miwani usoni. Akamtazama mzee toka juu hadi chini. Kwenye ua Erisa alikuwa ameshika shoka, anapasua kuni za Nalongo. Abdalla akamwonyesha kwa kidole.

"Mzee. Hiyo Erisa ni mutoto yako?"

Jjajja aligeuka. Alimwona mtu ambaye hajamwona maisha yake yote. Erisa ameshusha shoka, hatikisiki. Mzee akamtazama Abdalla, miwani, kisha akanitazama mimi. Sijui usoni mwangu alikuta nini. Nadhani alikuta kila kitu. Hakuna mtu katika nchi hii asiyejua swali kama lile linauliza nini hasa.

Alikung'uta vumbi magotini. Kisha akasema kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kuunga, ili Abdalla asikie vizuri.

"Mutoto ni yangu. Baba yake ni mwingine. Bwana yangu hakujua."

Akashuka ngazi. Akaenda hadi kwa Erisa, akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku.

"Umekonda," akamwambia kwa Kiganda. "Dada yako hakupi chakula?"

Erisa akapiga magoti kwenye vipande vya kuni akalia. Hakuigiza. Mimi pia nililia, nikasingizia moshi.

Abdalla alicheka, akamwita mzee jina ambalo sitaliandika, akarudi ndani kulala.

Jumatatu, 15 Novemba

Wameondoka asubuhi, mchana kweupe, mbele ya watu wote. Jjajja alitangaza kwa sauti bombani kwamba aibu imeshatoka, haina haja ya kufichwa, anampeleka mwanawe kijijini. Wanawake walimpisha kama anayenuka. Alipita katikati yao, kichwa juu, amemshika mkono. Erisa amebeba kikapu chake. Kwenye vizuizi vya barabarani watakuwa mzee na kijana wake. Toka Masaka Erisa atajua mwenyewe njia ya kuvuka kwenda Tanzania.

Nalongo ameelewa. Hakuniomba radhi ya kofi. Sikumwomba radhi ya mama yake. Tumesimama kila mtu upande wake wa ua hadi basi lisisikike.

Abdalla alikuja jioni akauliza kuna nini cha kula. Nilimpa maharage bila kitunguu. Alikula yote.

Jumapili, 28 Novemba

Mvua imepungua. Senene wamekwisha, waliobaki sokoni wanauzwa ghali na ni wachungu. Ramadhani alipita siku mbili, akalala, akala, akaondoka. Sikumwambia kitu. Abdalla ni mdogo wake.

Nalongo alikuja mchana, akakaa mlangoni. Nilimpa kahawa. Ameletewa habari kutoka Masaka. Kanisani mama yake amevuliwa uongozi wa akina mama, anakaa benchi la nyuma. Na mzee, mumewe, amemrudisha kwao. Alifungasha vitu vyake mwenyewe, akamtolea nje. Mwanamke ana karibu miaka sabini, anaishi jikoni kwa mpwa wake. Nalongo anataka kwenda kumwambia baba yake ukweli. Mama yake amemkataza. Baba ana hasira na ana sauti kubwa, atausema barabarani, na Abdalla bado anakula kwangu.

Nilikasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani tena. Tulikunywa.

Jjajja hakutuma malalamiko. Ametuma swali moja tu. Anauliza kama mwanawe amefika.

Hatujui. Hatujasikia lolote. Nimemwambia Nalongo ajibu kwamba amefika, na kwamba ameanza kunenepa.