Nyuki wa Mperani

Jumanne, 22 Oktoba
Sijalala. Tumaini anaota meno, usiku kucha ziwa mdomoni. Uji, nepi, kuwahi maji bombani kabla hayajakatika. Naenda kuanika, naona bumba la nyuki limening'inia kwenye mpera ninapofungia kamba ya nguo. Jana halikuwepo. Nimemfungia mtoto ndani. Vyombo nimeviacha, nimekaa dirishani kuwaangalia.

Baba alinifundisha kule Mpitimbi, nikiwa mdogo. Hawa wamehama na malkia wao, hawana nyumba. Wachache wanaenda kutafuta. Wakirudi wanacheza juu ya migongo ya wenzao, kuonyesha walikoona shimo la kuhamia. Wenzao wanaenda kuangalia wenyewe. Hakuna anayelichezea shimo ambalo hajalikagua. Wakikubaliana, wanaondoka wote.

Jumatano, 23 Oktoba
Wengi wakiruka wanaelekea bondeni. Wachache, kwenye mparachichi nyuma ya choo. Pale nimetundika mzinga wa baba, wa gogo, alioutoboa kwa mkono wake. Tangu afariki haujapata nyuki. Mtoto aliposinzia nikaenda kuchungulia. Wanaingia, wanatoka, wanazunguka mlangoni kama mpangaji anayekagua chumba. Nikacheka peke yangu. Halafu nikalia kidogo.

Nawataka hawa nyuki. Sijataka kitu hivi siku nyingi.

Alhamisi, 24 Oktoba
Wa mparachichi wameongezeka. Bondeni wanaenda mmoja mmoja. Kesho au keshokutwa watahamia.

Balozi wa nyumba kumi kapita. Kikao kesho, habari ya nyuki. Baba Tumaini yuko Tunduru kwenye korosho, simu haipatikani. Nitakwenda mwenyewe na nitasema.

Ijumaa, 25 Oktoba
Sikusema.

Kikao kimeisha Tumaini hajamaliza ziwa moja. Mwenye nyumba wangu ndiye aliyeanza: wachomwe. "Wakimuua mtoto wa mtu, mtamzika na asali?" Watu wakacheka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika mperani kuwaangalia. Balozi akauliza nani anapinga. Kimya. "Basi tumekubaliana."

Nilitaka kusema: Wapeni siku moja tu. Lakini mimi mpangaji, mdogo kuliko wote pale, na mtoto akaanza kulia. Nikainama kumbembeleza. Nilipoinua kichwa watu walikuwa wanakung'uta kanga.

Hawakungoja hata giza. Warina asali hungoja nyuki wote warudi. Hawa wamekuja na mienge ya nyasi jua likiwa bado kali. Nimefunga dirisha. Harufu imeingia tu.

Jumamosi, 26 Oktoba
Bombani, jirani yangu Mama Zuhura kaniambia pole.
"Mie nilitaka tuwaache, mwenzangu. Nikaona wote mmenyamaza."
Bibi wa nyumba ya pili naye akasema hivyo hivyo. Hata mke wa balozi. Tulikuwa wangapi pale tunaotaka jambo moja, kila mtu anamtazama mwenzake?
"Mbona hukusema?" nikamuuliza Mama Zuhura.
"Na wewe je?"
Tukatazama ndoo.

Nikaenda kwa balozi. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia siku nyingine asiulize nani anapinga. Amuulize kila mtu, mmoja mmoja, na kwanza twende tukaone. Hakukasirika.
"Ungesema jana, mwanangu."
Ni kweli. Ndiyo inayouma. Wangenizomea, basi. Nisingekufa.

Jumapili, 27 Oktoba
Mpera umeungua upande mmoja. Sikwenda kanisani, mtoto ana homa ya meno.

Asubuhi nyuki kadhaa wametokea upande wa mparachichi, wakatua kwenye lile tawi jeusi. Nadhani walikuwa kule mzingani wenzao walipochomwa. Mmoja akaanza kucheza. Anakwenda mbele akitikisa mkia, anazunguka, anarudia. Anaonyesha mzinga wa baba. Chini yake hapakuwa na mgongo wa mwenzake, gome tu.

Nimesimama mpaka Tumaini akaamka.

Nimeihamisha kamba ya nguo, nimeifunga kwenye nguzo za ua. Nepi nimezianika huko, mbali na mpera, nisiwasumbue.