Namba Inayorudi

Jumatatu, 3 Machi

Madaftari ya Kidato cha Pili, rundo zima. Kugawanya bado ni vita. Ili wachangamke nimewaandikia 142857 ubaoni. Mara mbili: 285714. Mara tatu: 428571. Mpaka mara sita, tarakimu zilezile zinazunguka tu. Wamepiga makofi. Mdogo wangu Masanja, mchimbaji, alikuwa dirishani, kaniletea mihogo. Kaiandika mkononi.

Jumatano, 5 Machi

Nina hasira. Masanja na wenzake wameipaka ile namba rangi nyekundu kwenye mdomo wa duara, shimo lao la dhahabu. Eti namba inarudi, basi anayeshuka nayo lazima arudi. Matimba yanayoshikilia kuta yameoza na wanajua. Badala ya kubadilisha, rangi! Nimetoka kanisani na majivu kwenye paji, nasonya njia nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejitia mjanja. Masanja ameshashuka mara sita tangu wapake. Nikamwambia azidishe kwa saba. 999999. Hairudi! Akakokotoa mchangani kwa kidole, akacheka.

"Dada, tisa tupu! Kuna tarakimu inaizidi tisa? Ya saba ndiyo yenye mzigo wa dhahabu."

Sasa wote wanagombania kushuka naye hiyo mara ya saba, Jumamosi. Nimejichongea mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimegombeza darasa zima bila sababu. Naogopa, basi.

Jumamosi, 8 Machi

Wachimbaji wa huku hawataki mwanamke mdomoni mwa duara. Eti dhahabu inakimbia. Upuuzi mtupu, na leo nimeutumia. Saa moja asubuhi nimeweka kiti pale, nikafungua madaftari.

"Shikamoo, mwalimu. Tunaomba utupishe."

Marahaba. Sikupisha; kwanza wabadilishe matimba. Wamebembeleza, wamenuna, wamemtuma mwenye duara. Nikaendelea kusahihisha. Hakuna aliyethubutu kushuka kuchimba. Saa nane wakachoka, wakaenda kukata magogo. Nimeinuka timba la mwisho lilipokwisha kufungwa. Mgongo unauma.

Masanja alisema neno moja tu: "Umeniaibisha."

Jumatatu, 10 Machi

Ameshuka, amerudi. Hawakupata kitu. Jioni amekuja kwangu. "Kwa nini ile namba inarudi?"

Nikamwonyesha. Gawanya moja kwa saba, unapata 142857 tena na tena. Baki ni moja hadi sita tu. Zote zikishapita, lazima ianze upya. Akachukua kalamu, akajaribu moja kwa kumi na tatu peke yake. Taratibu, bila kukosea.

"Hii imerudi mapema. Baki ziko kumi na mbili, imepita sita tu. Sita nyingine ziko wapi?"

Swali hilo nililisikia mara ya kwanza chuoni, kwa mhadhiri.

Baba alikuwa na ng'ombe wa kusomesha mtoto mmoja. Akanichagua mimi kwa kuwa mkubwa. Masanja aliishia la saba, akaenda kuchunga. Hajawahi kunilaumu.