Kikosi cha Farasi Kwenye Daraja

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, umfikishie na wifi salamu zake, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba ya shangazi yao, hata huyo mkubwa anayejiona mzee. Sisi hapa hatujambo kiasi. Baba miguu inamsumbua na jicho la kushoto linaona ukungu tu, lakini ulimi wake mzima kabisa. Juzi alimwambia daktari kwamba anapima presha kama mtu anayepima kiwanja cha wizi. Mimi bado niko kwa wapiga chapa, nasahihisha makosa ya watu wengine.

Barua zangu huwa fupi. Hii ni ndefu kidogo, nakuomba uisome umekaa.

Nataka turudi kwenye ule mchezo wa vita. Ubao bado uko sebuleni, ramani imepauka upande wa dirishani, na vipande vya kadi vilikaa vilevile mlivyoviacha miaka sita iliyopita, hadi Jumapili hii. Baba hataki viguswe. Nafuta vumbi kwa brashi ndogo ya rangi, huku nimezuia pumzi.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Kikosi cha farasi cha Baba kilishindwa, kikapaswa kurudi nyuma miraba miwili ya ramani. Wewe ulikuwa umeziba kila upande isipokuwa darajani, na darajani palikuwa na mikokoteni yake mwenyewe ya chakula. Kitabu cha kanuni kilisema kikosi kisichoweza kurudi nyuma kiondolewe ubaoni, ila hakikusema kama kinaweza kupita katikati ya wenzake. Ulisema farasi wamekwisha, na vita vimekwisha. Baba akasema hajaona jeshi linalouawa na mikokoteni yake.

Mkafuata desturi ya Baba, ile aliyotoka nayo kwenye upimaji wa ardhi: kabla ya kutetea mpaka wako, sharti utetee wa jirani hadi jirani mwenyewe aridhike. Yeye alikutetea shingo upande. Wewe ulimtetea kwa ufundi. Ulisema watu wanaokimbia kifo hawaombi njia. Wataisukuma mikokoteni kando na kupita, na adhabu yake iwe mikokoteni kukaa zamu nzima bila kusogea. Baba alipiga meza kwa furaha. Ndipo mkakubaliana niwaandikie waliotengeneza mchezo, kwa kuwa mimi ndiye niliyeijua lugha yao, na jibu lao liwe hukumu.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, nikawasomea kwamba farasi wapite. Hukuomba hata kuiona ile karatasi. Baba naye hakujua kushinda kimya kimya. Kila mgeni aliyeingia alisimuliwa jinsi mwanawe alivyotaka kupindisha kanuni ili amshinde mzee. Ulipomwambia umechoka kuitwa mdanganyifu, akakuonyesha mlango. Ukatoka, na hujarudi.

Kaka, nilisema uongo. Karatasi ilisema kikosi kiondolewe. Ulikuwa umeshinda. Maneno niliyowasomea yalikuwa yako mwenyewe, yale uliyomtetea nayo Baba. Niliyakumbuka yote, hadi ile zamu ya mikokoteni, na ndiyo maana hakuna aliyeyashuku.

Mama alikuwa ametutoka miezi mitatu tu. Wewe ulikuwa ukija Jumamosi, ukimkuta Baba amenyoa ndevu na kuvaa shati safi. Siku nyingine hukumwona. Hakula mpaka nimbembeleze, wala hakutoka kitandani isipokuwa kwa ajili ya mchezo. Nikaona farasi wakiondolewa, mchezo unakwisha, naye anarudi kulala asiamke tena. Nilitaka vita viendelee wiki chache, basi. Sikudhani ningempoteza kaka kwa kipande cha kadi. Ulipoondoka niliogopa kusema, na kila mwaka uliopita uliniongezea woga. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua miaka sita, na nina aibu kubwa.

Jumapili nilimwambia Baba. Nilimsomea karatasi ile neno kwa neno. Aliiacha chai yake ipoe, akajikokota hadi kwenye ubao, akawaondoa farasi kwa mkono wake. Akasema miaka sita amemwita mwanawe mdanganyifu, kumbe mdanganyifu ndiye aliyekuwa akimkatia mkate. Tangu hapo hanisemeshi. Chai analetewa na jirani. Amemtaka jirani huyohuyo afungue madirisha ya chumba chako, kwa maelezo kwamba mtoto wake wa kiume anakuja.

Njoo, kaka. Atakuomba radhi, namsikia ng'ambo ya ukuta akijaribu maneno, akiyaacha, akianza upya. Mimi sikuombi unipatanishe naye, hilo nitalibeba mwenyewe. Siku utakayofika nitakufungulia mlango, nikuelekeze aliko, kisha nitakaa jikoni. Mkishamaliza, ukitaka kuniona, niite. Usiponiita nitaelewa.

Wasalimie wote hapo, na watoto wasiambiwe habari hii mpaka wewe mwenyewe uone inafaa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye.