Kokoo, Ile Haikuwa Zaburi

Kokoo, mama wa mama yangu,

Nimeketi bwenini hapa Kitengela, kitabu cha Kiebrania kikiwa magotini, na naona aibu hata kukitazama. Barua hii nimeikwepa tangu tulipokuzika. Leo mama amenipigia simu kutoka Mashuuru, na alichoniambia kimenimaliza nguvu kabisa. Nitafika hapo, lakini wacha kwanza nianze nilipoharibu.

Unakumbuka siku niliyokuja kukuaga nikienda chuo cha uchungaji? Ulinitemea mate ya baraka viganjani, na papo hapo ukaanza kuniita Pasta. Sikukataa. Nimekuwa mtu wa kupenda sifa tangu utotoni, wewe ulilijua hilo na ukanipenda nalo. Likizo ya kwanza nilitembea na kile kitabu kutoka stejini niliposhukia gari hadi kwako, nimekishika mbele ya kifua ili watu waulize ni cha nini. "Ni lugha ya Agano la Kale," nilijibu kila aliyeuliza, nikiwa nimenyoosha shingo. Sikumwambia mtu kwamba mtihani ulinishinda. Wenzangu walikuwa wakikariri alfajiri nami nimejifunika blanketi. Nilichokuwa nacho kichwani ni orodha ya maneno ya somo la kwanza, basi.

Nilikukuta umelala kwenye ngozi nje ya nyumba, kifua kimekubana. Hukujua kusoma, lakini ile Zaburi ya mchungaji ulikuwa nayo yote kwa Kimaa, lugha yetu. Ndiwe uliyenifundisha tukichunga mbuzi, ukinirudisha mwanzo kila nilipokosea neno. Ukanishika mkono.

"Pasta, nisomee ile yetu," ukasema. "Lakini si kwa Kimaa. Kwa ile lugha yake ya kwanza. Nataka niisikie kabla niende."

Ningesema sijui, bado najifunza. Ungecheka tu, najua. Lakini mama alikuwa amesimama pale na birika la chai, na jirani yako Mama Naserian ameketi kando, wote wananitazama kana kwamba nimeshuka kutoka mbinguni. Nikafumba macho, nikashusha sauti: "Melek, sus, bayit, lehem, har, kelev." Mfalme, farasi, nyumba, mkate, mlima, mbwa. Kokoo, nilikusomea orodha ya darasani, na nikaitetemesha sauti ili iwe takatifu.

Ulilia. "Hiyo ni tamu," ukasema. "Rudia polepole, niishike."

Nilirudia mara nne, nawe ukafuata kwa midomo iliyokauka, na Mama Naserian naye akafuata. Ulipoimaliza bila kukosea ulicheka kama msichana. Kisha ukaniuliza, "Na hiyo ya mwisho, kelev, ni kusema nini?"

Hapo Mungu alinipa nafasi ya pili. Nikakujibu, "Ni fadhili, Kokoo. Fadhili za Mungu."

"Ashe," ukanishukuru kwa Kimaa chetu, ukafumba macho ukiwa umeridhika. Nilirudi chuoni kesho yake. Siku chache baadaye wakanipigia kwamba umeondoka.

Siku hizi mimi ndiye wa kwanza kuamka bwenini. Mwalimu ananisifu mbele ya darasa, na kila sifa inanichoma, kwa sababu bidii yangu imekuja wewe ukiwa umeshazikwa.

Sasa, simu ya mama. "Akina mama wa kanisa wameshika ile Zaburi ya Kokoo," aliniambia kwa furaha. "Mama Naserian ndiye amewafundisha. Juzi wameombea mtoto mgonjwa nayo. Wanataka wewe mwenyewe uwaongoze Jumapili." Kisha sauti yake ikashuka. "Unajua hata akikata roho alikuwa anasema ile ya fadhili tu? Kelev, kelev, mpaka akanyamaza."

Nikamwambia, "Sawa, mama, nitakuja." Tena nikashindwa kusema ukweli. Nilikata simu nikaketi hapa, nikikuona ukiwa kwenye ngozi yako, unaondoka duniani ukimwita mbwa kwa sababu mjukuu wako aliogopa kuonekana mjinga.

Kwa hiyo barua hii siifungi. Jumapili nitasimama mbele ya akina mama na kuisoma yote, Mama Naserian akiwa benchi la mbele na mama yangu kando yake. Wakinikasirikia, ni haki yao. Wakiniambia nitafute kazi nyingine, nitawaelewa. Baada ya hapo, wakinikubalia, nitawasomea ile yetu, mistari yote sita. Nimeijua sasa, neno kwa neno.

Fadhili ni hesed, Kokoo. Neno hilo limo kwenye mstari wa mwisho. Nimelileta, nawe umeshaenda.

Ni mimi mjukuu wako,
ambaye bado si pasta.